Techron Concentrate Plus: dawa ya nozeli yenye kazi, kwa gari linaloihitaji

Kwenye maduka ya spea ya Kariakoo na Gerezani, dawa za kusafisha nozeli (vipulizio vya petroli kwenye injini) zinajaza rafu nzima, na muuzaji akiulizwa tofauti zake hujibu kwamba zote ni moja, chukua unayoipenda. Hapo ndipo pesa inapopotea. Nyingi kati ya chupa hizo ni kiyeyushio cha jamii ya mafuta ya taa kilichochanganywa na kemikali kidogo ya usafi. Chache zina kitu kinachoweza kweli kung'oa uchafu uliokwisha kupikwa na joto la injini. Techron Concentrate Plus ya Chevron imo kwenye hizo chache, na tathmini hii ni yake, kwa magari yanayojaa barabarani kwetu: Vitz, IST, Passo, Premio, Noah, Harrier.

Hukumu ni hii. Kwa injini ya petroli ambayo nozeli zake zinapulizia nyuma ya valvu, yenye kilomita nyingi na uchafu wa kawaida, nunua. Kwa injini ya D4, yaani ya Toyota inayopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, inafanya nusu ya kazi. Kwa koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) iliyokufa, pampu iliyochoka au mpira wa hewa uliopasuka, haisaidii chochote hata ukimimina katoni nzima.

Ukitaka kuelewa sababu, fikiria ukoko wa wali. Ukiloweka sufuria mapema unatoka kwa maji tu. Ukiuacha uungue tena na tena unahitaji kitu chenye nguvu zaidi. Kwenye gari mambo huanza pale unapozima injini. Umetoka kwenye foleni ya Ubungo, injini imechemka, umepaki. Matone ya petroli yaliyobaki kwenye ncha ya nozeli yanakauka kwa joto: sehemu nyepesi zinapaa, nzito zinabaki kama utandu wa vanishi. Gari la safari fupi fupi, linalozimwa na kuwashwa mara sita kwa siku, linapata tabaka sita; la safari ndefu linapata moja. Ndiyo maana IST ya mjini yenye kilomita 90,000 inaweza kuwa na nozeli chafu kuliko Noah ya mikoani yenye 200,000.

Ukoko wa pili uko nyuma ya valvu za kuingiza hewa. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka kwenye injini, pamoja na petroli, unapikwa juu ya chuma cha moto hadi unakuwa kama mkaa laini. Mkaa huo hunyonya petroli kama sponji. Asubuhi ya baridi unapowasha, mafuta yaliyokusudiwa kuingia kwenye silinda yanaishia kwenye sponji. Gari linasitasita, linatetemeka, ukikanyaga linajikwaa, kisha likipata joto linatulia kana kwamba halikuwa na tatizo. Wenye magari Njombe, Mafinga au Limuru wanaiona dalili hii mapema kuliko watu wa Tanga, kwa sababu ya baridi tu.

Kinachofanya kazi ndani ya Techron kinaitwa polyetheramine, kwa kifupi PEA. Molekuli yake ina upande wa naitrojeni unaoung'ang'ania uchafu, na mkia mrefu unaopenda kuyeyuka ndani ya petroli. Inashika kwa mkono mmoja na kuvuta kwa mwingine. Sifa yake kubwa ni kustahimili joto, hivyo inafika mpaka kwenye kichwa cha pistoni ikiwa bado na nguvu. Kemikali ya zamani zaidi, PIBA, inasafisha valvu vizuri, ila ikitiwa kwa wingi huweza kuacha ukoko wake yenyewe ndani ya chumba cha kuchomea. Ukiokota chupa yoyote dukani, tafuta herufi PEA au jina hilo refu kwenye karatasi ya nje au kwenye karatasi ya usalama ya bidhaa, ambayo kampuni kubwa huiweka mtandaoni. Kama kampuni haisemi popote kilichomo, rudisha chupa kwenye rafu.

Marekani iliweka sheria ya kila petroli kuwa na kiwango fulani cha kemikali ya usafi mwaka 1995. Watengenezaji wa magari waliona kiwango hicho hakitoshi, na mwaka 2004 BMW, General Motors, Honda na Toyota wakaanzisha daraja lao la juu zaidi, Top Tier. Kipimo kilichowahi kuheshimika kuliko vingi kilikuwa cha BMW 318i: gari linaendeshwa maili 10,000, karibu kilomita 16,000, kisha valvu zinafunguliwa na ukoko unawekwa kwenye mizani. Ili mafuta yapite bila masharti, wastani haukutakiwa kuzidi miligramu 100 kwa valvu moja. Huo ndio ulimwengu ambamo dawa kama Techron ilikua: uchafu unapimwa kwa mizani, hausikilizwi kwa sikio la fundi.

Kwetu vita kubwa imekuwa ya uchakachuaji. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya alama ya kutambua mafuta halali, mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili wachakachuaji wasipate faida. Mafuta ya taa ndani ya petroli yanashusha okteni (uwezo wa petroli kutowaka kabla ya wakati), injini inagonga ikipandisha mlima, na masazo yake mazito ndiyo yanayopikwa kuwa ukoko. Kama gari limebadilika ghafla baada ya kujaza kituo fulani, usikimbilie dawa. Toa mafuta yale, tia mazuri, ndipo ufikirie usafi.

Sasa vipimo. Techron Concentrate Plus inauzwa kwa chupa ya ml 355, inayotosha hadi lita 45 za petroli, na ya ml 591, inayotosha hadi lita 76. Kwa wastani ni ml 8 kwa lita. Tangi la Vitz nyingi ni lita 42, kwa hiyo chupa ndogo ndiyo saizi yake kamili. Kwa gari lenye tangi la lita 60, nunua kubwa. Chupa ndogo kwenye lita 60 inashuka hadi ml 6 kwa lita, na PEA iliyozimuliwa hivyo inalinda kilicho safi bila kung'oa kilichoungua. Hesabu hii ndiyo itumike kulinganisha bei pia. Usiangalie bei ya chupa. Gawanya bei kwa lita inazotibu, na chupa iliyoonekana ghali mara nyingi inakuwa nafuu.

Angalia pia jina lote, maana neno Techron liko kwenye bidhaa zaidi ya moja. Iliyoandikwa Fuel Injector Cleaner peke yake ni nyepesi kuliko Concentrate Plus, na iliyoandikwa Diesel si ya gari la petroli. Muuzaji asiyejua atakupa yoyote iliyo karibu na mkono wake.

Kabla ya kulipa, thibitisha kwamba tatizo ni uchafu. Gari likiwa sailensi, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa, linatetemeka na taa ya injini imewaka? Soma kodi za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari. Ukikuta P0302, yaani silinda ya pili inamisi (haichomi petroli sawasawa), hamisha koili ya silinda ya pili uiweke ya tatu, na ya tatu uiweke ya pili, futa kodi, endesha. Kodi ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu na dawa haina kazi hapo. Ikibaki P0302, fanya hivyohivyo na plagi. Ikiendelea kubaki palepale, ndipo nozeli inapoingia kwenye orodha ya washukiwa.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni namba inayoitwa LTFT kwenye programu za simu zinazosoma OBD2, soketi ya kupimia kompyuta ya gari. Hiyo ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta ya gari imejifunza kuongeza au kupunguza. Kati ya -10 na +10 ni hali ya kawaida. Injini ikishapata joto, isome gari likiwa sailensi, kisha ukishikilia RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 2,500. Ikiwa juu sana kwenye sailensi halafu ikashuka unapokanyaga, kuna hewa inaingia kwa njia ya wizi: mpira uliopasuka, gasketi ya manifoldi (mirija inayoingiza hewa kwenye injini), au mpira wa bosta ya breki. Ikipanda kadiri mzigo unavyoongezeka, injini inakosa mafuta, na hapo washukiwa ni pampu, filta, nozeli, au sensa ya hewa iliyoshika vumbi. Sensa isafishwe kwanza kwa spreyi yake maalumu, kwa kuwa ni kazi ya dakika kumi. Magari ya soko la Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 mara nyingine hukataa vile vifaa vya bei rahisi vya bluetooth. Hapo mpelekee fundi umeme mwenye mashine kamili, na umwambie akuandikie namba, asikwambie tu kwamba gari liko sawa. Namba hiyo ndiyo utakayoilinganisha baada ya dawa. Bila namba ya kabla na ya baada, utabaki unasikiliza hisia zako, na hisia za mtu aliyetoa pesa huona gari limekuwa jepesi.

Matumizi yenyewe hayana ugumu, ila mpangilio wake una sababu. Subiri tangi likaribie taa ya njano. Ukiwa kituoni, injini imezimwa, mimina dawa kwanza, ndipo ujaze petroli juu yake hadi pampu ikatike. Mkondo wa petroli ndio unaochanganya. Ukimimina mwishoni, dawa nyingi inabaki kwenye shingo ya tangi. Chupa ina mdomo mrefu wa kusukuma kile kifuniko cha chuma cha ndani. Usilazimishe kwa bisibisi. Ikidondokea rangi ya gari, suuza mara moja kwa maji mengi, kwa maana kinachong'oa ukoko hakitaacha rangi salama.

Baada ya hapo gari liendeshwe. Tangi zima la foleni halitoi matokeo kama safari ya Dar hadi Morogoro na kurudi, ambayo ni karibu kilomita 380 za injini yenye joto la kutosha na RPM kati ya 2,500 na 3,500. Usiiache imepaki wiki mbili na dawa ndani. Tumia hadi robo tangi kisha ujaze kawaida. Usilikaushe kabisa, kwa kuwa pampu iliyo ndani ya tangi inapozwa na petroli yenyewe, na pampu inayovuta hewa haidumu.

Sehemu ndogo ya PEA na uchafu uliong'oka hupita kwenye ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Kiasi ni kidogo, ila kuna njia rahisi ya kutokipa nafasi: tia dawa kwenye tangi la mwisho kabla ya sevisi, kisha mwaga oili. Chupa inapendekeza kurudia kila maili 3,000, karibu kilomita 5,000. Kwa maoni yetu hiyo ni mara nyingi kupita kiasi kwa gari linalojaza kituo cha kuaminika. Kila kilomita 10,000 inatosha, na kwa gari lililotoka mnadani Japani lisilo na historia, matangi mawili mfululizo mwanzoni, kisha sevisi ya oili. Chupa mbili ndani ya tangi moja hazisafishi mara mbili. Zinaongeza tu kinachoingia kwenye oili.

Kuna hatari moja inayowakuta wenye magari ya zamani, na wengi hulaumu dawa. Tangi lililokaa miaka kumi na tano lina utandu na vumbi chini. Dawa ikilegeza, uchafu unakwenda kwenye chujio la wavu lililo mdomoni mwa pampu, au kwenye filta ambayo kwenye Toyota nyingi iko humohumo ndani ya tangi. Dalili ni gari lililokuwa linasitasita sailensi sasa linakosa nguvu mlimani, na P0171, kodi ya petroli kidogo kuliko hewa, inatokea. Hakuna kilichoharibika; filta imeziba. Kwa gari la namna hiyo, andaa pesa ya filta na wavu kabla ya kununua chupa, au badilisha kwanza.

Na taa ya injini ikiwa inapepesa, usiendeshe ukisubiri dawa ifanye kazi. Kupepesa maana yake petroli isiyochomwa inaingia kwenye masega (kisafishaji cha moshi kwenye ekzosi), na masega yakiyeyuka gharama yake inazidi chupa zote za dukani.

Sasa D4, maana hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa. Soma jina la aina ya injini. Kwa Toyota za kizazi hiki, herufi za mwisho FE, kama 1NZ-FE ya IST na Premio, 2NZ-FE na 1KR-FE za Vitz, au 2AZ-FE ya Harrier, zinaonyesha nozeli zinazopulizia nyuma ya valvu. Kila tone la petroli linaosha valvu likipita, na dawa inapita nalo. Ukiona FSE, kama 1AZ-FSE ya Noah na Voxy za AZR60 na ya baadhi ya Premio na RAV4, nozeli inapulizia moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haigusi nyuma ya valvu hata siku moja. Hivyo Techron itasafisha ncha za nozeli, jambo lenye faida kubwa kwa kuwa ziko ndani ya moto wenyewe, lakini ukoko wa valvu hautautingisha. Huo unatolewa kwa kufungua manifoldi, kufunga valvu za silinda inayoshughulikiwa, na kupuliza unga wa maganda ya walnati au kukwangua kwa mkono na kiyeyushio. Mitsubishi zenye maandishi GDI, Golf za TSI na Demio za Skyactiv ziko kwenye kundi hilihili. Muuzaji anayekuahidi kusafisha valvu za D4 kupitia tangi anakuuzia kitu kisichowezekana kimaumbile.

Tukilinganisha na nyingine: Red Line SI-1 na Gumout Regane nazo zina PEA, na ukizipata kwa bei nzuri hakuna sababu ya kuzikataa. Sea Foam ni kitu tofauti. Ni mafuta mepesi, nafta na pombe ya isopropili, ml 473 kwa lita 60 hivi. Ni nzuri kwa kabureta iliyogandana, kwa jenereta iliyokaa, kwa pikipiki iliyolala miezi, na pombe yake hubeba maji kidogo yaliyo tangini. Kwa ukoko ulioungua inazidiwa. Vidonge vya kuongeza maili na unga wa kutia tangini tusiuzungumzie sana: achana navyo. Vingine vina chuma kinachopaka plagi utando mwekundu, na plagi hizo huanza kumisi.

Vituo pia vina petroli zenye dawa ya usafi ndani, kama V-Power ya Shell na Excellium ya TotalEnergies. Gari lililokwisha kusafishwa likijazwa hizo mara kwa mara halihitaji chupa nyingi. Ila petroli hizo zinatunza usafi. Kwa gari lililokwisha kuchafuka, chupa ndiyo yenye kasi.

Chupa za kughushi zipo. Angalia karatasi ya muhuri chini ya kifuniko, namba ya kundi iliyochapwa kwenye chupa na si kwenye karatasi inayobanduka, na tahajia ya maandishi. Dai risiti ya EFD. Muuzaji anayegoma kutoa risiti kwa bidhaa kama hii amekwishakujibu.

Wenye Hilux na Hiace za dizeli wasitie hii. Kisafishaji cha petroli kinapunguza uwezo wa dizeli kuwaka kwa mgandamizo na ule utelezi ambao pampu ya shinikizo la juu inautegemea. Dizeli ina dawa zake. Na kabla ya dawa yoyote, legeza nati iliyo chini ya chujio la maji, mwaga kwenye kikopo cha kioo, uangalie kama kuna maji chini. Nozeli za 1KD (injini ya dizeli ya Hilux na Hiace) zinazogonga hupimwa kwa kiasi cha mafuta kinachorudi kutoka kila nozeli.

Kwa petroli, kama baada ya matangi mawili LTFT haijashuka na ulikwisha kuondoa shaka ya hewa, pampu na filta, acha kununua chupa. Ng'oa nozeli, zipelekwe kwenye mashine ya kupima na kusafisha nozeli. Simama uone mirija minne ya kioo kabla ya kusafishwa: utakuta mmoja umejaa hadi juu na mwingine umebaki nyuma, au mwingine unachuruzika badala ya kupuliza ukungu. Baada ya kusafishwa, vimiminika viwe sawa kwenye mirija yote minne, isiyolingana ibadilishwe. Fundi aweke mipira mipya ya nozeli, juu na chini, aipake oili safi kidogo isije ikakatika inapoingia, pamoja na vichujio vidogo vya ndani kama seti yake inavyo. Kisha awashe injini na amulike tochi kwenye kila nozeli, anuse kama kuna petroli inayovuja, kabla hajafunga kifuniko cha juu.